Niliisugua ngozi, kumbe harufu ilikuwa kwenye damu

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya kusogeleana na watu: huwezi kumpima mteja bega au kifua ukiwa umesimama mbali naye. Unamzungushia tepe, unamwinamia, pumzi yako inamfikia shingoni. Ndiyo maana habari hii ilinifikia kazini kabla ya kunifikia nyumbani. Mteja wangu wa miaka mingi, niliyemshonea gauni la harusi na baadaye nguo za watoto wake, aligeuza uso pembeni na kubana pumzi nilipoinua mikono kumpima. Alijitahidi nisione. Niliona. Sikumuuliza, naye hakusema. Alikuja kuchukua nguo yake siku ya miadi, akashukuru, kisha hakuonekana tena kwa muda mrefu.

Wakati huo ilikuwa imepita miaka mitatu tangu niambiwe kwamba figo zangu zinapungua nguvu. Presha ndiyo iliyoziharibu, presha niliyokuwa nikiinywea dawa nikijisikia vibaya na kuiacha nikipata nafuu. Kipimo cha kwanza kilionyesha uwezo wa figo kuchuja ukiwa 41. Daktari alinieleza kwamba namba ile hukokotolewa kutokana na kreatinini, taka ya misuli iliyo kwenye damu, na kwamba inaniweka hatua ya tatu kati ya tano. Chini ya 30 ni hatua ya nne, chini ya 15 ni ya tano. Nilitoka pale nikitetemeka. Nikahudhuria kliniki mwaka mzima bila kukosa, halafu nikazoea. Sikuwa na maumivu yoyote. Ugonjwa huu unaweza kula figo kwa miaka bila kukuuma popote, na mtu mwenye oda za watu mezani haoni sababu ya kupoteza siku nzima kwenye foleni kwa kitu kisichouma. Nikakosa miadi moja, nikakosa ya pili, mara miezi 14 ikapita sijapima damu.

Ladha ndiyo iliyotangulia. Sisi mafundi tuna tabia ya kubana pini midomoni tunaporekebisha nguo mwilini mwa mteja, kwa hiyo nilipoanza kuamka na ladha ya chuma mdomoni nilizilaumu pini. Nikanunua nyingine. Ladha ikabaki. Nikaacha kabisa kuzibana midomoni, nikawa nazichomeka kwenye kimto kidogo ninachokifunga mkononi. Ladha ikabaki vilevile, ikawa kali zaidi asubuhi, na chakula kikaanza kunishinda. Nyama ndiyo iliyonichukiza kuliko vyote, nilihisi kama natafuna sarafu.

Baada ya ladha ikaja harufu ya kinywa, na baada ya kinywa, ya mwili. Nayaandika haya kwa maneno ya binti yangu, maana pua yangu mwenyewe haikuwa shahidi. Anasema pumzi yangu ilinuka kama mkojo uliolala, na mwilini siku nyingine ilikuwa hivyohivyo, siku nyingine kama samaki aliyekaa. Haikuwa kikwapa. Kikwapa kinajulikana, na ukioga kinaondoka. Hii ilikaa shingoni, kwenye foronya, kwenye kola za nguo zangu, hata kwenye tepe yangu ya kupimia. Mimi nilichokijua ni kimoja tu, kwamba nikizungumza watu wanarudi nyuma hatua moja.

Nikaanza vita na mwili wangu. Nilipiga mswaki mara tano hadi sita kwa siku, nikisugua mpaka fizi zikatoa damu. Nikatafuta dawa ya kusukutua iliyo kali kuliko zote, nikiamini kwamba kinachochoma ndicho kinachosafisha. Ile dawa ilikuwa na alkoholi, ikanikausha kinywa, na kinywa kikavu hunuka zaidi kwa sababu mate ndiyo yanayokiosha usiku na mchana. Nilikuwa nalipa pesa kuizidisha harufu niliyokuwa naikimbia.

Nikaoga mara tatu kwa siku kwa maji ya moto na sabuni ya kuua vijidudu, nikijisugua kwa brashi ngumu. Mtu mwenye figo mbovu tayari ana ngozi kavu, kwa sababu vitezi vya jasho na vya mafuta husinyaa kadiri ugonjwa unavyoendelea, na mwasho wa ngozi ni mateso ya wengi wetu hata bila brashi. Mimi niliuzidisha mwenyewe. Nilijikuna usiku mpaka shuka zikawa na madoa ya damu. Vidonda vikapata usaha, usaha nao ukaleta harufu yake. Juu ya hayo yote nikajipulizia manukato. Binti yangu ananiambia manukato hayakuifunika ile harufu, yalichanganyika nayo tu, na kwamba mpaka leo akisikia manukato ya aina ile kwa mtu mwingine moyo unamruka.

Makosa mawili yaliyobaki yalikuwa ya hatari kweli, naomba uyasome polepole.

La kwanza ni maji. Kila niliyemdokezea kwamba ninanuka mkojo aliniambia ninywe maji mengi, yatasafisha figo. Ni ushauri wa nia njema, na kwa mtu mwenye figo nzima hauna ubaya. Nilikuwa na chupa kubwa pembeni ya cherehani na niliimaliza mara tatu kwa siku. Sikujiuliza kwa nini nakunywa hivyo na sikojoi hivyo. Maji yasipotoka hubaki mwilini: miguu ilivimba viatu vikakataa kuingia, uso ukaumuka asubuhi, na usiku nikawa siwezi kulala chali, nalala nimeegemea mito mitatu kama mtu aliyekaa, na nikijilaza napaliwa na pumzi yangu mwenyewe. Yalikuwa ni maji yaliyoanza kupanda kwenye mapafu. Kiasi cha maji unachopaswa kunywa ukiwa na ugonjwa huu hupangwa na daktari wako, kwa hali yako, na hubadilika. Wapo wanaoambiwa wanywe zaidi na wapo wanaopimiwa kwa kikombe. Jirani hawezi kujua wewe ni yupi.

La pili ni unga. Niliuziwa unga wa mizizi wa "kusafisha figo na kuondoa harufu ya damu". Nilinywa wiki sita. Hakuna aliyejua kilichomo, hata aliyeuza, na ninavyoona sasa hilo peke yake lingetosha kunikataza. Ipo mimea yenye sumu inayojulikana wazi kuua figo, ile yenye asidi ya aristolokiki kwa mfano, na unga hauna uso wa kukuambia umetoka kwenye mmea gani. Kwa sababu mwasho na vidonda viliniuma, nilikuwa pia nameza dawa za maumivu za dukani, hizi za kundi la ibuprofeni na diklofenaki, bila kujua kwamba ni katika dawa za kwanza ambazo mgonjwa wa figo hukatazwa.

Jioni moja binti yangu, aliyekuwa na miaka 16, alinikuta bafuni najisugua kwa mara ya tatu siku ile, mgongo umejaa mikwaruzo. Hakuondoka. Alikaa sakafuni pale mlangoni.

"Mama, naomba nikuambie kitu, usinikasirikie."

Nikajua. Nikamwambia aseme.

"Najua unaoga. Unaoga kuliko sisi wote humu ndani. Lakini ukitoka tu bafuni bado ipo, mama. Inatoka ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya likizo iliyopita."

"Baba yako anajua?"

Alinyamaza, na ule ukimya ukanijibu.

Nilihesabu, ikawa miezi saba. Miezi saba mume wangu alikuwa akilala ameelekea ukutani, nami nikidhani amepata mwanamke mwingine, au amenichoka. Nilimkasirikia sana usiku ule, kuliko nilivyoukasirikia ugonjwa. Aliniambia alishindwa kupata neno la kuanzia. Aliona navyohangaika na sabuni, akaona akisema atanivunja. Namwelewa sasa, lakini bado naamini alikosea, na yeye mwenyewe anakubali. Ukiishi na mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo ukasikia harufu yake imebadilika, mwambie. Mwambie faraghani, kwa sauti ya kawaida, na anza pale alipoanzia mwanangu: kwamba unajua anaoga. Hayo maneno mawili yaliniondolea aibu nusu nzima, kwa sababu yalinionyesha haniiti mchafu. Halafu msindikize hospitali.

Usitegemee mgonjwa ajisikie mwenyewe. Pua ya kila mtu huzoea harufu iliyo karibu nayo muda wote, lakini kwetu kuna zaidi ya hapo: ugonjwa wa figo hupunguza uwezo wa kunusa kwa wagonjwa wengi. Kinachotoa harufu ndicho pia kinachofunga pua. Niliwahi kuwauliza wenzangu watano kwenye chumba cha mashine ya kusafisha damu kama walijisikia, na wanne walisema waliambiwa na mtu.

Tulikwenda hospitali kesho yake, na hata pale nilikaribia kulikosa jambo lililonileta. Nilimweleza daktari uchovu, nikaeleza miguu, nikaeleza kichefuchefu. Harufu haikutoka mdomoni. Bahati usiku ule nilikuwa nimeiandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia vielelezo, kwa penseli: nanuka mkojo, mdomoni na mwilini, miezi saba, sijisikii mwenyewe. Nilipoona anaanza kuandika vipimo nikamsukumia kile kikaratasi mezani. Alikisoma, akaniangalia bila kubadilisha uso, akasogeza kiti chake karibu yangu. Sijasahau kile kiti. Kama una jambo linalokukaba koo mbele ya daktari, liandike umpe alisome.

Alichonieleza nakileta hapa kwa lugha niliyokielewa mimi. Mwili ukivunjavunja protini hutoa taka iitwayo yurea, na figo ndizo zinazoitoa kwenye mkojo. Figo zikishindwa, yurea hujaa kwenye damu, na kila kinachotengenezwa kutokana na damu huibeba: mate, jasho. Yurea yenyewe haina harufu. Tatizo ni kwamba mdomoni mnaishi bakteria wenye kimeng'enya cha kuivunja, na ikivunjwa hutoa amonia, gesi ileile inayochoma pua kwenye choo kisichosafishwa. Ladha ya chuma niliyowasingizia pini ilitoka hukohuko. Ile harufu ya samaki ina chanzo kingine: bakteria wa utumbo huvunja virutubisho fulani vilivyomo kwenye nyama, mayai na samaki na kutengeneza trimethilamini, ambayo kwa kawaida ini huibadilisha na figo huitoa. Isipotoka hujikusanya, na hutokea kwenye pumzi na jasho.

Akaniambia zamani, na hata sasa kwa wanaochelewa sana, yurea ilipanda kiasi kwamba jasho likikauka linaacha ungaunga mweupe juu ya ngozi kama chumvi. Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimejisugua miezi yote ile nikipigana na kitu ambacho damu ilikileta upya kila dakika.

Hakuishia hapo, na hili nalipenda kwake: hakudhani kwamba kila harufu ya mgonjwa wa figo ni ya figo. Alipima mkojo kuangalia maambukizi. Alinikagua fizi na vile vidonda vya mgongoni. Alipima sukari, akaniasa kwamba mwenye kisukari akitoa pumzi yenye harufu tamutamu ya matunda au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, huku anatapika na kuhema kwa nguvu, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa ileile.

Majibu ya damu yalirudi mchana. Namba yangu ya figo ilikuwa 9.

Alinieleza kwamba hawamweki mtu kwenye mashine kwa sababu ya harufu, wala kwa sababu ya namba peke yake. Wanatazama mwili wote: kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, maji yaliyopanda, madini ya potasiamu yaliyozidi kwenye damu. Mimi nilikuwa navyo vyote. Kama ningekwenda nilipoanza kusikia ladha ya chuma, huenda pangekuwa na muda wa kujiandaa. Kujiandaa maana yake ni fistula, upasuaji mdogo wa kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena mkononi ili pawe na njia imara ya kupitishia damu. Fistula huhitaji wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, kabla ya kuanza kutumika. Mimi sikuwa na hata wiki moja. Niliwekewa mrija shingoni.

Mrija ule, kwangu mimi niliyekuwa naoga mara tatu, ulikuwa funzo lililoumiza. Haupaswi kulowa. Maji ya bafuni yakiingia palipotobolewa, bakteria huingia nayo, na kutoka pale hadi moyoni ni safari fupi. Kwa miezi minne niliosha mwili kipande kwa kipande kwa kitambaa, nikiwa nimeketi, binti yangu akinisaidia mgongoni. Na ajabu yake ni kwamba nilinuka vizuri kuliko nilipokuwa naoga mara tatu. Harufu ilianza kupungua baada ya awamu chache za kusafishwa damu. Kwenye wiki ya tatu mume wangu aligeuka usiku, akalala ameelekea upande wangu. Hakusema kitu, nami sikusema, nililia tu kimyakimya mpaka nikasinzia.

Ukiwa na mrija, jifunze harufu moja zaidi: pale kwenye bandeji. Pakinuka, pakitoa majimaji, pakiwa pekundu, au ukipata homa na kutetemeka, hasa ukiwa kwenye mashine, usisubiri zamu inayofuata.

Gharama sitaificha. Tuliuza cherehani yangu ya kudarizi, ile iliyokuwa ikiniingizia zaidi. Akiba ya shule ya mwanangu iliguswa, ikarudishwa taratibu, haijatimia bado. Siku tatu za kila wiki si zangu tena: muda wa saa nne kwenye mashine, ukijumlisha kwenda, kusubiri na uchovu wa kurudi, siku imekwisha. Sehemu kubwa ya hasara ile ilitokana na kuchelewa. Kupima damu mara nne kwa mwaka kungenigharimu kidogo mno nikilinganisha.

Watu huniuliza kama harufu iliisha kabisa. Haikuisha, na nafikiri kila anayeanza mashine aambiwe ukweli huu ili asivunjike moyo. Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki. Mashine inanisafisha saa 12. Kati ya awamu moja na nyingine taka hujikusanya upya, na kwenye kila wiki kuna pengo moja refu ambapo unakaa siku mbili kamili bila kusafishwa. Mwisho wa pengo hilo ladha ya chuma inarudi, na harufu nayo inaanza kujitokeza. Nimeacha kuihesabu kama aibu, ni kipimo changu cha nyumbani. Wiki moja ilirudi mapema, siku moja tu baada ya mashine. Niliwaambia wauguzi, wakaangalia, ikaonekana mrija ulikuwa umeanza kuziba na damu haikuwa inasafishwa inavyotakiwa. Kama ningeificha kwa manukato tena, sijui ingegundulika lini.

Haya mengine niliyajifunza kwa wauguzi, kwa mtaalamu wa lishe, na kwa wenzangu wa vitanda vya jirani.

Kinywa nakisafisha asubuhi na usiku kwa mswaki laini, na ulimi nausugua pia, hasa sehemu ya nyuma wanakojificha wale bakteria. Dawa ya kusukutua ni ile isiyo na alkoholi. Kiu naituliza kwa kipande cha barafu ninachokihesabu kwenye maji yangu ya siku, au kwa kutafuna chingamu isiyo na sukari ili mate yatoke. Chumvi nimeipunguza kwa sababu ndiyo mama wa kiu. Kwa daktari wa meno nakwenda siku inayofuata baada ya mashine, maana siku ya mashine wanatumia dawa ya kuzuia damu isigande, na fizi ikichomwa inaweza kutoka damu bila kukoma. Mwambie kabisa kwamba una ugonjwa wa figo kabla hajakuandikia dawa yoyote.

Kuoga ni mara moja kwa siku, maji ya vuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato, najikausha kwa kugandamiza taulo. Mafuta yasiyo na harufu napaka ngozi ikiwa bado na unyevu. Mwasho ulipungua zaidi daktari aliposhughulikia fosfeti yangu, madini ambayo nayo hujaa kwenye damu figo zikishindwa, kwa hiyo usiuvumilie mwasho ukidhani ni wa kawaida. Dawa za kwapa zenye alumini niliziacha. Marekani pakiti zake huandikwa kwamba mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Kinachopita kwenye ngozi ni kidogo sana, lakini sisi hatuna njia nzuri ya kuitoa alumini, na miaka ya mwanzo ya mashine wagonjwa walidhurika ubongo na mifupa kwa alumini iliyokuwa kwenye maji ya kusafishia damu na kwenye dawa. Ndiyo maana maji ya mashine huchujwa kwa uangalifu mkubwa siku hizi. Dawa ya kwapa isiyo na alumini inanitosha, kwanza jasho lenyewe limepungua.

Choo nacho usikidharau. Ukifunga choo, taka hukaa zaidi tumboni, potasiamu hupanda, na pumzi huharibika. Lakini dawa za kulainisha choo si zote zinatufaa, kuna zenye magnesi au fosfeti ambazo figo zetu haziwezi kuzitoa. Uliza.

Kuhusu chakula nilikosea pia. Niliposikia kwamba harufu inatokana na protini, niliacha nyama, mayai, samaki na maharage kwa wakati mmoja. Nikakonda, vidonda vikagoma kupona. Mtaalamu wa lishe alinieleza kwamba kabla ya mashine wengi hupangiwa takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, lakini ukishaanza mashine mahitaji hupanda hadi kati ya gramu 1 na 1.2, kwa sababu mashine yenyewe hupoteza baadhi. Nilikuwa nafuata kanuni ya hatua niliyokwisha ipita, tena kwa kuipunguza. Nyama bado hainivutii, lakini ikiwa imepoa au ya uvuguvugu ladha ya chuma haijitokezi sana, na kijiko cha plastiki ni bora kuliko cha chuma.

Nguo ninazovaa karibu na mwili ni za pamba, nabadilisha foronya kila baada ya siku mbili, na tepe yangu ya kupimia naiosha kila jioni kwa sabuni na kuianika. Hayo yananisaidia kulala na amani, ingawa najua chanzo hakiko kwenye nguo.

Fistula yangu iko mkono wa kushoto sasa. Kila asubuhi naweka vidole juu yake kusikiliza ule mtetemo. Siku utakaponyamaza nitapiga simu hospitali kabla ya kunawa uso. Mkono huo haufungwi saa, haupimwi presha, hautolewi damu, na kimto changu cha pini kimehamia mkono wa kulia, jambo lililonichukua wiki nzima kuzoea.

Vipimo vya wateja nimevipanga siku zinazofuata baada ya mashine. Siku ya mwisho ya lile pengo refu nakaa na kazi za mezani: kukata, kushona vifungo, kupiga pasi. Asubuhi ya siku hiyo binti yangu, ambaye sasa ana miaka 19, husimama karibu yangu kabla ya kutoka, ananusa shingo yangu kama mama anavyomnusa mtoto mchanga, halafu ananiambia ukweli. "Ipo kidogo, mama." Au, "Leo haipo." Naandika kwenye daftari lilelile ninaloandikia presha na uzito, nachukua mkoba wangu, tunatoka.